Tupeane uzoefu: umewahi kuzunguka kimya kimya kwenye msitu wa miti mikubwa ya kale?

Wadau, habari zenu. Uzi huu ni wa wale waliowahi kutembea kwa miguu kwenye msitu wa miti mikubwa, ile ambayo shingo inauma kabla jicho halijafika kileleni. Naanza mimi.

Naishi Fresno, California. Mwaka juzi mwezi wa tisa mama alikuja kunitembelea kutoka Lushoto, nikampeleka Giant Forest, msitu wa miti mikubwa iitwayo sekwoya, ndani ya hifadhi ya Sequoia. Wageni wengi huishia kwenye mti mmoja, General Sherman. Una urefu wa mita 83 na ushee, shina chini ni upana wa mita 11, na kwa ujazo wa shina hakuna mti mmoja unaojulikana duniani unaoushinda. Pale kuna foleni ya picha na watoto wanalia. Lakini hapo hapo inaanzia njia ya Congress, kama kilomita 3, inayozunguka na kukurudisha ulikotoka. Tulipopita kona ya kwanza kelele zikakatika. Tukabaki na kigong'ota mmoja huko juu, na kindi anayeangusha matunda mabichi ya sekwoya, magumu, ukubwa wa yai la kuku.

Mama hakusema neno kwa muda mrefu. Penye mti ulio kando kabisa ya njia akaweka kiganja kwenye gome. Ni jekundu la kahawia, lina nyuzi kama makumbi ya nazi, na ukilibonyeza linabonyea kidogo. Kwenye miti mizee hufika unene wa sentimita 60. Kisha akauliza, "Mwanangu, hii mbona haikukatwa?" Ni swali la mtu aliyeona mikulo, ile miti mikubwa ya mbao ya kwao, ikipakiwa kwenye malori. Nikamwambia ilikatwa, mingi tu, karne ya 19. Ila mbao zake ni dhaifu na huvunjika kirahisi, mti ukianguka hupasuka vipande, na kilichobaki waligeuza vigae vya mbao na nguzo za uzio. Miti ya miaka 2,000 ikaishia kuwa nguzo za uzio. Mama akatikisa kichwa, akaendelea kutembea mbele yangu.

Mingi ina mapango meusi ya moto chini ya shina, unaingia na kusimama wima. Moto mdogo ni rafiki yake: joto hufungua yale matunda, mbegu nyepesi kama punje ya shayiri iliyopondwa zinaangukia kwenye majivu, na zinapenda udongo usio na takataka. Moto mkubwa ni habari nyingine. Mwaka 2021 askari wa zimamoto walilifunga shina la General Sherman kwa karatasi ya alumini, likapona. Ila kwa moto wa 2020 na 2021 pekee, wataalamu wa hifadhi walikadiria sekwoya kubwa kati ya asilimia 13 na 19 ya zote duniani zimekufa au zingekufa. Tuliiona milima ya mbali ikiwa na vijiti vyeusi.

Haya, leteni zenu.

Wa Oakland: Asante mkuu. Mimi kilichonigusa kule ni barabara. Mwaka 1903 Kapteni Charles Young, afisa Mweusi, alipewa kuisimamia hifadhi ile, na askari wake Weusi ndio waliomaliza njia ya magari ya farasi hadi Giant Forest. Nilimweleza binti yangu tukiwa chini ya miti. Akauliza kama walilala pale pale usiku.

Wa Tanga: Nendeni Magamba, juu ya Lushoto. Mikulo iliyobaki ni mizee, mingine uwazi ndani. Mwongozaji wetu alituonyesha kisiki na vichipukizi vimekizunguka duara, vimetoka kwenye mizizi ile ile. Kwa hiyo sekwoya inangoja moto, mkulo unaamka kutoka ardhini. Nilikaa pale mpaka mvua ikaanza.

Wa Moshi: Kwetu upande wa Tema, kwenye korongo la Mrusungu, Mlima Kilimanjaro, kuna mti wa mita 81.5, uliotangazwa 2016 kuwa mrefu kuliko yote iliyopimwa Afrika. Kushuka kunateleza vibaya, shika fimbo. Ukifika, kaa. Usiharakie picha.

Wa Kakamega: Langu ni la uchungu. Tulikuwa kimya tukisikiliza mbega, kikundi kingine kikaja na spika ya muziki, wakatoka njiani wakapanda mizizi ili wapigwe picha. Mwongozaji wao akatazama tu. Nilirudi nimeumia.

Mwanzisha uzi: @Wa Kakamega pole sana, na hili la kutoka njiani nalisema kwa msisitizo. Sekwoya iliyokomaa haina mzizi mkuu wa kwenda chini. Mizizi yake iko karibu na uso wa ardhi na inatambaa mita 30 na zaidi. Ukikanyaga unashindilia udongo, maji na hewa havipiti. Ndiyo maana Giant Forest walibomoa majengo zaidi ya 280, zikiwemo hoteli, ili miti ipumue.

Wa Minneapolis: Bibi yangu ana magoti mabovu. Ataweza?

Mwanzisha uzi: Ataweza, kwa mpango. Maegesho makuu yako juu, unashuka ngazi hadi kwenye mti, na kurudi ni kupanda mahali penye urefu wa mita 2,100 hivi, pumzi inakatika. Majira ya joto pandeni basi la hifadhi, lina kituo cha chini karibu na mti. Njia yenyewe ina lami. Mbebee sweta hata kama Fresno kunachoma, na mwacheni yeye ndiye apange mwendo.