Nimechoka kuambiwa nimekasirika kwa sababu tu nimeandika sentensi kamili

Wakuu, salaam.

Juzi rafiki yangu wa miaka mingi aliniuliza kwa ujumbe wa simu kama nitahudhuria shughuli yake, nami nikamjibu: "Nitakuja." Kwa siku mbili hakuniandikia tena. Nilipompigia, nikaambiwa kwamba nimebadilika, kwamba namjibu kama karani anayejibu barua ya ofisi, na kwamba ile nukta ilimwonyesha wazi kuwa nimekubali kwa shingo upande. Nukta! Katika Kiswahili neno moja "nitakuja" linabeba mtendaji, wakati na tendo, kwa hiyo ni sentensi timilifu, na sentensi timilifu hufungwa kwa nukta. Nilifundishwa hivyo tangu utotoni na sioni kwa nini niombe radhi.

Nakubali kwamba hisia hiyo hakuibuni yeye. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, walitoa mwaka 2015 utafiti uliohusisha wanafunzi 126, ambapo majibu ya neno moja yenye nukta yalionekana kutotoka moyoni yaliposomwa kama ujumbe wa simu, ilhali yaliposomwa kama maandishi ya mkono nukta haikuleta tofauti yoyote. Basi ubaya haumo katika alama yenyewe, umo katika mazoea ya wasomaji, na mazoea hayo sasa yanageuzwa kuwa sheria ya kupimia urafiki wa watu.

Huyo anayenituhumu kwa ukavu huniandikia "xawa", "cjui" na "2taona". Wiki chache zilizopita, tukiwa tunamsubiri mgeni, alinitumia neno moja tu, "hjafka", bila alama yoyote. Nilisoma "hujafika?" nikatoka mbio nikidhani ananisubiri, kumbe alikuwa ananiarifu kwamba mgeni hajafika. Kiswahili huweka nafsi na ukanushi katika silabi ndogo za mwanzo wa kitenzi, na irabu moja ndiyo inayotenganisha "hajafika" na "hujafika". Ukiidondosha, unamwachia mwenzako kazi ya kubahatisha, halafu akikosea unamlaumu.

Mtaniambia kwamba ufupisho ni wa kuokoa nafasi. Ulikuwa na sababu enzi zile ujumbe mmoja ulipobeba herufi 160 tu na kila ujumbe ulilipiwa. Hata hivyo, ujumbe wa kwanza kabisa wa aina hiyo, uliotumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, ulikuwa salamu ya Krismasi ya maneno mawili, na yote mawili yaliandikwa kamili. Leo tunaandikiana kupitia intaneti, ambako kikomo hicho hakipo, na wanaodai kubana nafasi hujaza emoji kila mahali, ilhali kwenye ujumbe wa kawaida wa simu emoji moja tu hubadilisha mfumo wa herufi na kupunguza nafasi kutoka 160 hadi 70.

Sidai kwamba marafiki waandikiane kwa lugha ya mikataba. Utani wetu naupenda, maneno ya mtaani nayatumia, na sijawahi kumsahihisha mtu sarufi katikati ya mazungumzo. Ila lugha ya kirafiki ni kitu kimoja na maneno yaliyokatwakatwa ni kitu kingine, na nimeumia kuona kwamba yule anayetulia, akachagua maneno na kuyasoma tena kabla ya kutuma, ndiye anayehesabiwa kuwa hajali.

Rafiki yangu ameshauri kwamba safari ijayo niongeze emoji ya kucheka ili ajue sijanuna. Nimekataa. Nimemwambia kwamba nikikasirika nitamwandikia waziwazi "nimekasirika", na nisipoandika hivyo asinitafutie hasira ndani ya nukta. Je, ninyi wengine mnaoandika sentensi kamili, marafiki zenu nao wanawataka mjieleze?