Eli ya maboga yenye viungo: mbona boga lenyewe silisikii?

Mwonjaji Mtulivu
Ndugu wanajukwaa, salaam. Kila yanapoingia majira ya mapukutiko nchini Marekani, viwanda vidogo vya bia huko hutoa eli (aina ya bia) ya maboga yenye viungo, na safari hii nimeamua kuionja kwa makini badala ya kuinywa tu. Chupa niliyoifungua ina eli ya rangi ya shaba, povu lake ni jepesi na halidumu, na harufu inayotangulia ni ya mdalasini, ikifuatiwa na kungumanga na karafuu kwa mbali. Kinywani naupata utamu wa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa, mfano wa sukari iliyoungua, kisha viungo vinarejea wakati wa kumeza na kuacha ukavu ulimini. Boga lenyewe silisikii kabisa, si kwa pua wala kwa ulimi, ingawa lebo inasema limetumika. Naomba wenye ujuzi wanieleze boga hufanya kazi gani humo, na ni vigezo gani vitanionyesha kwamba eli ya namna hii imetengenezwa vizuri.

Fundi wa Kimea
Mkuu, ulimi wako haukudanganyi. Boga ni maji kwa kiasi cha asilimia 90 na zaidi, na kinachobaki ni wanga, sukari kidogo na nyuzinyuzi. Linapochanganywa na kimea kilichosagwa katika maji ya moto ya nyuzijoto 65 hadi 68 za Selsiasi, vimeng'enya vya kimea huuvunja wanga huo kuwa sukari, kisha hamira huila sehemu kubwa ya sukari hiyo na kuigeuza pombe. Harufu ya boga ni hafifu tangu mwanzo, na kidogo kilichopo hupotea na mvuke wakati wa kuchemsha au husukumwa nje na gesi wakati wa kuchacha. Usitarajie zaidi ya uzito fulani kinywani, rangi kidogo, na pengine ladha ya mbali inayofanana na udongo mkavu. Kwa maoni yangu, boga lililookwa hadi kingo zake zikawa kahawia lina faida kubwa kuliko boga jingi lililochemshwa tu, kwa sababu kuoka hupunguza maji na kuunda ladha mpya ambazo hamira haiwezi kuzila.

Kile ambacho wanywaji wengi hukiita ladha ya boga ni viungo vya pai ya maboga inayoliwa Marekani katika sikukuu ya shukrani, Thanksgiving, yaani mdalasini, kungumanga, tangawizi na karafuu. Viungo hivyo kwa kawaida hutiwa katika dakika za mwisho za kuchemsha, au baada ya eli kuchacha, kwa kuwa mafuta yanayobeba harufu yake hupeperuka upesi katika moto.

Msomaji wa Mapishi ya Kale
Naongezea kwa upande wa historia, maana inajibu swali hili moja kwa moja. Walowezi wa Kiingereza katika makoloni ya Amerika walitumia maboga kwa sababu kimea kilikuwa adimu na maboga yalikuwa tele. Kwao boga lilikuwa chanzo cha sukari ya kuchachusha, wala hawakulitafutia harufu. Upo utaratibu uliochapishwa mwaka 1771 na American Philosophical Society, chama cha wanazuoni cha huko, ambamo maboga hupondwa na kukamuliwa kama matofaa, maji yake huchemshwa kwa muda mrefu huku yakienguliwa, kisha hutiwa hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, na kuchachushwa kama bia ya kimea. Viungo havitajwi hata kimoja.

Eli tunayoijua leo ilianza miaka ya 1980 huko Hayward, California, katika kiwanda kidogo cha Bill Owens. Kwa maelezo yake mwenyewe, alitumia boga halisi, akaionja bia na kukuta haina dalili yoyote ya boga, ndipo alipochukua viungo vya pai, akavitengeneza kama anayetengeneza kahawa, na kuitia rojo yake katika bia. Kwa hiyo, ndugu mwuliza swali, umefikia pale pale alipofikia yeye.

Pua Makini
Kuhusu vigezo, anza na joto. Eli hii ikitoka moja kwa moja kwenye jokofu hufunga harufu zake. Iache ifike nyuzi 10 hadi 13, katika glasi iliyobana kidogo mdomoni, nawe uijaze nusu tu. Inuse kabla ya kuitikisa, kisha itikise na kuinusa tena.

Jambo la kulitazama zaidi ni kama kimea kinavibeba viungo. Ukimeza na ukabaki na mdalasini peke yake, huku utamu wa nafaka umekwisha kutoweka, viungo vimezidi. Ukavu unaouelezea unaweza kuwa umetokana na mdalasini mwingi. Karafuu ikizidi huleta ganzi kidogo ulimini, na kwangu hilo ni kosa zito kuliko ukosefu wa boga, kwa sababu huzima kila kitu kinachofuata. Soma lebo pia: zipo hamira zinazozalisha zenyewe harufu ya karafuu, hasa zile za bia za ngano za Kijerumani, hivyo karafuu unayoisikia si lazima iwe ilitiwa kwa mkono.

Mwonjaji Mtulivu
Nashukuru sana, wakuu. Nimeiacha glasi ipate joto na kimea kimejitokeza zaidi, kikiwa na ladha ya ganda la mkate, na mdalasini umetulia. Je, chupa zilizobaki nizihifadhi hadi mwakani?

Fundi wa Kimea
Kama ina pombe ya asilimia 5 au 6, inywe msimu huu huu, kwani harufu ya viungo hufifia na kimea huanza kunuka karatasi iliyolowa. Nyingi hupikwa wakati wa kiangazi na kufika madukani mwezi Agosti, hivyo huenda tayari ina umri wa miezi kadhaa, angalia tarehe. Zile za asilimia 8 na kuendelea huweza kuvumilia mwaka mmoja zikikaa gizani na mahali pa baridi, ila utakachokikuta wakati huo ni kimea zaidi kuliko viungo.