Draiva ya tty: kufuli moja la zote, moja kwa kila tty, au vipande vipande?

mzee_kerneli: Wakuu, kerneli yangu ndogo (kiini cha mfumo endeshi) imenichosha upande wa tty, yaani vituo vya maandishi na laini za siriali. Nina kufuli (linaloruhusu mmoja tu kwa wakati) la termios (mipangilio ya tty), la bafa (hifadhi ya muda ya herufi), la ldisc (safu inayochakata herufi), la kuhesabu waliofungua, na thredi (mikondo ya kazi) kila mara zinakwama zinasubiriana. Nataka kupunguza, nielekee wapi?

nyuzi8: Moja kubwa mkuu ndo rahisi. Hata Linux walipokuwa wanaing'oa BKL (kufuli moja kubwa la kerneli nzima, ikaisha kabisa toleo la 2.6.39, 2011) tty waliipa kwanza myuteksi (kufuli ambalo anayelingoja analala) moja ya wote. Ila BKL ilikuwa inajiachia yenyewe ukilala (thredi ikisimama kusubiri kitu), na ukiishika mara mbili haina shida, myuteksi haikupi hiyo. Ukilala nayo tty zote zinakungoja wewe.

Bi_Soketi: Ndo hapo sasa. open() inayosubiri modemu ya upande wa pili iitike lazima iachie kufuli, ilale, iamke, ishike tena, HALAFU ikague upya maana laini inaweza kuwa imekatwa katikati, na watu wengi huo ukaguzi wa mwisho wanauruka. Hata ukiwa na kufuli kwa kila tty hiyo haikwepeki. Mimi kura yangu iko kwa kufuli moja kwa kila tty, FreeBSD 8.0 (2009) ndo ilikuja na hiyo, na draiva inaruhusiwa kuipa tty kufuli lake lenyewe, kwa hiyo chipu na tty zinalindwa na kitu kimoja.

mzee_kerneli: Na pty (tty bandia ya programu) dada? Pande zake mbili, masta na slevu, si tty mbili?

Bi_Soketi: Kwa Linux ndiyo, ukifunga masta unashika makufuli mawili, masta kwanza slevu baadaye, ukigeuza umekwisha. FreeBSD pande zote mbili zinatumia tty moja, swali lenyewe halipo. Kama bado unaandika, fanya hivyo.

intarapti_tu: Mnasahau herufi zinaingia kwa intarapti (ishara ya kifaa inayokatiza CPU), na pale hulali, myuteksi ni marufuku. Bafa ya kupokea iache nje, spinloku yake (kufuli la kusubiri kwa kuzunguka bila kulala) au hata bila kufuli kama anayeandika ni mmoja na anayesoma ni mmoja, kisha thredi ya kazi ndo ipeleke kwa ldisc.

nyuzi8: Termios je? Inasomwa muda wote, inabadilishwa kwa nadra.

intarapti_tu: Iingize kwenye la tty, utaitenga siku ukipima ukaona inachelewesha.

mzee_kerneli: Poa, basi mawili tu, la tty na la bafa. Naanza na pty.