Nimeandikiwa barua na Bodi ya wahasibu, nina hadi Ijumaa kujibu. Naombeni ushauri

Mwana_Isevya
Wakuu, habari za jioni. Nipo Tabora mjini, ni mhasibu wa kuajiriwa, CPA, cheti cha taaluma ya uhasibu, niliipata baada ya kurudia mitihani ya Mei na Novemba mpaka nikakaribia kukata tamaa. Wiki iliyopita nimepokea barua kutoka NBAA, yaani hiyo Bodi, ikinitaka nijieleze kuhusu hesabu za chama kimoja cha msingi cha tumbaku upande wa Urambo. Zina jina langu na muhuri wangu. Nakala wameambatisha.

Tangu siku hiyo sipati usingizi. Mke wangu anadhani ni malaria, ameshanipeleka kupima mara mbili. Swali langu ni hili: wakishakuandikia namna hii, wanakufuta moja kwa moja au kuna onyo kwanza? Nina watoto watatu wanasoma. Nawasilisha.

Fundi Mizania
Pole sana mkuu. Bodi inafanya kazi kwa Sheria ya Usajili wa Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, Sura ya 286, ipo tangu 1972. Mtu hafutwi kwa barua. Kwanza unajieleza, wasiporidhika kunakuwa na shauri na unasikilizwa. Baada ya hapo inaweza kuwa onyo, kusimamishwa kwa muda, au jina kuondolewa kwenye rejista. Inategemea ulichofanya na unavyojibu.

Sasa mkuu, umeandika hesabu "zina jina langu na muhuri wangu". Ulizisaini au hukuzisaini? Hapo umeparuka.

Mama Asali Sikonge
Pole mwanangu. Mimi si msomi wa hesabu ila nina la kusema. Kikundi chetu cha asali tulikuwa akina mama 22. Mwaka mmoja mweka hazina akatuletea karatasi zimepigwa muhuri wa bluu, zimefungwa vizuri kwa utepe, tukapiga makofi na vigelegele. Siku ya mgao tukakuta benki hamna kitu. Mwenzetu mmoja alikuwa ameuza mbuzi wake wawili kununua mizinga akitegemea mgao ule. Tangu hapo nikiona muhuri wa bluu moyo unanidunda. Aliyepiga muhuri ule hatukumwona hata sura.

Chuga wa Nzega
Kaka achana na hizo karatasi, njoo tununue mpunga Igunga. Huku hakuna Bodi, kuna mizani tu.

Mwana_Isevya
Asanteni wote. Fundi, muhuri ulipotea. Ripoti ya upotevu ya polisi ninayo. Barua ya majibu nimeshaiandaa, nimeeleza kwamba kuna mtu aliuokota akautumia. Ninachotaka kujua ni kama niambatishe nakala ya ripoti au niende na halisi.

Fundi Mizania
Ripoti ni ya tarehe ngapi? Na hesabu zimesainiwa tarehe ngapi?

Mwana_Isevya
Sioni tarehe inahusiana nini. Mtu anaweza kupoteza kitu akaja kugundua baadaye. Wengi tu hapa mjini wanasainiana, mbona hawaandikiwi?

Hazili Mstaafu
Inahusiana sana, baba. Nilisoma uhazili hapo hapo Tabora na nimekaa masijala maisha yangu yote ya kazi. Barua ikiingia, mtu wa kwanza kuishika anatazama tarehe kabla ya maneno. Kama barua yao imekufikia Jumatatu na wewe ukaenda polisi Jumatano, faili lenyewe litasema kabla hujafungua mdomo. Halafu muhuri unapotea, sawa, na saini nayo iliokotwa?

Mkaguzi Kahama Road
Wakuu, hii ni chai. Nimesoma uzi mara mbili. Hesabu za vyama vya msingi vya ushirika kwa kawaida zinakaguliwa na COASCO, shirika la serikali kwa ajili ya ushirika. Huyu anasema ni mhasibu wa kuajiriwa, si mkaguzi. Muhuri wake ulifikaje kwenye hesabu za AMCOS, yaani chama cha msingi, cha tumbaku? Nimekaa na vyama hivyo miaka, mkulima wa Urambo anamjua kwa jina mkaguzi aliyekuja kijijini, anajua hata alikula kwa nani. Ama mleta mada ni mwanafunzi anatafutiwa majibu ya kazi ya darasani, ama anatupiga kamba. Mods funga uzi.

Chuga wa Nzega
Kumbe! Na mimi nilikuwa nishamwonea huruma.

Mama Asali Sikonge
Msimfukuze. Mtu anayetunga hadithi hapelekwi kupima malaria mara mbili. Mwanangu, sema ukweli, hapa hakuna anayekujua.

Mwana_Isevya
Sawa. Mkaguzi uko sahihi, si AMCOS. Niliandika hivyo ili nisijulikane, Tabora ni ndogo. Ni kampuni ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Ana Fuso mbili, anapeleka mchele na mahindi. Alitaka mkopo benki akaambiwa alete hesabu za miaka miwili zilizokaguliwa.

Alikuja nyumbani usiku, umeme umekatika. Nilisaini juu ya boneti ya gari, yeye akinimulika kwa simu. Kurasa 14. Ukurasa wa sita niliona stoku ya mwisho 2022 ni milioni 41 na stoku ya mwanzo 2023 ni milioni 68, wakati zinatakiwa kulingana. Nikamuuliza, akasema kijana wake wa kompyuta alikosea, atarekebisha. Nikageuza ukurasa nikaendelea. Muhuri niliupiga mwenyewe.

Na PP, yaani kibali cha ukaguzi, sina. Nina CPA tu. Benki ndio walioandika kwa Bodi.

Ripoti ya polisi nilichukua siku mbili baada ya barua. Lakini nieleweni, yule bwana alinilipia ada ya semesta mbili za mwisho chuoni. Huyo mtu unamwambiaje hapana usiku mlangoni kwako? Nikimtaja ni kama namshitaki mimi mwenyewe. Ndiyo maana naona habari ya muhuri kupotea haimuumizi mtu yeyote.

Fundi Mizania
Asante kwa kusema. Inaumiza benki iliyokuwa itoe fedha kwa milioni 27 za mchele ambao haupo. Inamuumiza shemeji yako mwenyewe, maana angekopa kwa stoku hewa na Fuso zingepigwa mnada.

Sasa nisikilize kama mdogo wangu. Kuwa na CPA hakukupi ruhusa ya kukagua na kutoa maoni. Hiyo ni kazi ya aliyesajiliwa kufanya kazi hiyo kwa umma. Hata ritani ya kodi ya kampuni inayopelekwa TRA inataka mtu wa namna hiyo. Kosa hilo moja peke yake unaweza kulieleza ukiwa umesimama wima. Lakini taarifa ya uongo polisi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na ukiipeleka kwa Bodi unakuwa umewadanganya walewale watakaokupima kama unafaa kuaminiwa. Utaingia na shauri la saini utoke na la jinai.

Ile barua ichane. Andika ukurasa mmoja: nilisaini tarehe fulani, sikukagua, sina kibali, niliona stoku hazilingani nikaendelea. Usiweke habari ya watoto.

Mkaguzi Kahama Road
Naomba radhi kwa maneno yangu ya juu. Ile ya stoku haitungwi, nimeikuta mara nyingi kwenye faili za watu. Naongeza moja: iandikie na benki kwamba wasizitegemee hesabu zile, unaondoa saini yako. Fanya kabla ya Ijumaa ili Bodi waone umefanya kabla ya kusukumwa.

Mwana_Isevya
Na shemeji?

Hazili Mstaafu
Jina la kampuni lipo kwenye nakala waliyokutumia, baba. Humtaji, ametajwa tayari. Ya undugu mtayamaliza nyumbani, mbele ya wazee.

Mwana_Isevya
Wakuu, leo ni Jumatano. Nimekwenda kituoni nikamweleza afisa kwamba ile taarifa haikuwa kweli. Nilitetemeka mpaka akanipa kiti. Amechukua maelezo yangu, ameniambia nitaitwa. Barua ya Bodi nimeituma kwa EMS saa nne asubuhi na nyingine kwa barua pepe, ya benki nimeipeleka kwa mkono wakanigongea "imepokelewa" kwenye nakala. Shemeji nimempigia mara tano hapokei. Mke wangu bado sijamwambia, yupo msibani Cheyo, nitamweleza akirudi usiku.

Mama Asali Sikonge
Kaka yake hapokei kwako, ila kwa dada yake anapiga. Usingoje usiku mwanangu. Mfuate huko huko msibani, mwite pembeni.

Mwana_Isevya
Natoka sasa hivi, mama.