Tumefika Engedi, tumepigiwa filimbi mlangoni kwa Daudi!

Wakuu, ndiyo kwanza naingia hotelini na silali mpaka niseme. Yule kiongozi wa msafara, mnamjua, yule wa kofia nyeupe na filimbi shingoni, leo kanivunjia heshima Engedi, huku Israeli kando ya Bahari ya Chumvi. ENGEDI! Sauli alikuja huku na watu 3,000 kumsaka Daudi, akaingia pangoni kufunika miguu, akakatwa upindo wa vazi asijue. Nimecheza vikoba mpaka nikachakaa ili nipaone.

Na pako vilevile! Nje ni jangwa tupu, joto la kukaangia yai, ukiingia bondeni ni majani na maji. Zaburi ya 104 yote iko pale: mbuzi wa mwitu wanakata njia mbele yako, wibari wamejilalia mawe. Maporomoko ya Daudi nayasikia kabisa yanavyomwagika. Mara filimbi: "Kwenye basi!" Nikamwomba, baba, niache nikanawe uso tu. Akanijibu watu wote wanasikia: "Mama, maji ni maji tu. Hata kwenu Kimara yapo."

Maji ni maji tu! Chemchemi ya Engedi!

Lakini kwenye duka la sabuni za matope ya Bahari ya Chumvi tulikaa mpaka kuku angetaga, akaatamia, vifaranga wakaota manyoya. Huko filimbi ilikuwa bubu.

Mzee wa Kitonga: Pole mama. Ila Sauli naye alifika Engedi akaondoka bila alichofuata. Umehiji kweli kweli.

Binti Sayuni: Huyohuyo! Sisi Yeriko alitupitisha mbio kwenye chemchemi ya Elisha, ile aliyoiponya kwa chumvi, eti tuwahi chakula. Chakula chenyewe wali mkavu.

Kaka Mkavu: Mngeshukuru. Mimi nilielea Bahari ya Chumvi, maji yakaniingia machoni, nikalia kuliko Yeremia.

Mleta uzi: Msihamishe mada! Kaniambia MAJI NI MAJI TU. Mbele ya wakwe zangu!

Jirani Mwema: Tuulize la maana. Kimara maji yapo? Tangu lini?

Mama Wawili: Hapo ndipo alipodanganya. Huku bomba linakohoa upepo.

Binti Sayuni: Kimara mna nafuu. Njooni Goba mwone boza linavyopandishwa bei kila likikata kona.

Mzee wa Kitonga: Bahari ya Chumvi yenyewe inashuka karibu mita 1 kila mwaka, ardhi inatitia, ufukwe wa kuogelea wa Engedi walishaufunga. Kumbe maji ni shida kote.

Mleta uzi: Mimi naongelea filimbi, mzee wangu! Nilikuwa nayasikia maporomoko! Angeniacha ninawe tu!

Jirani Mwema: Mama Wawili, hilo boza mnaloagiza ni la yule wa gari la bluu? Mimi kaniletea maji yana viluwiluwi.

Mama Wawili: Huyo huyo! Na ukimpigia hapokei. Fungua uzi wake, nakuja na picha.