Ushauri: mume anasimama mlangoni tukisuka ukili

MamaUkili: Wakuu, niko Mikindani. Tuna kikundi cha wanawake waliopigwa na waume zao, Jumamosi tunasuka ukili, ule mkanda wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka. Mtaalamu hatuna, ni miyaa na rangi tu. Ila mtu akiinamia kazi hakuna anayemkodolea macho, maneno yanatoka yenyewe. Mmoja mwanzoni alikuwa anasuka na kufumua, hata salamu haitiki. Siku hizi anaongea. Tatizo mumewe anakuja kusimama mlangoni. Nihamishe kikundi au nikivunje?

Kangomba_Mstaafu: Mkeka wa sita kwa nne bei gani?

Mwl_Newala: Ndoa ni siri. Mkikaa kuwasema waume mnategemea nini?

BintiShangani: Mwalimu, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, hairuhusu kumchapa mwenzi wako. Bibi yangu Nachingwea akipigwa alikuwa anabeba miyaa yake kwenda baraza ya jirani. Babu alidhani anatafuta hela, kumbe anatafuta pa kulia.

FundiCherehani: Mleta uzi, mlango wa nani huo? Na mama mwenyewe yuko wapi?

MamaUkili: Mlango wangu. Basi niseme tu, ni wifi yangu. Anayesimama pale ni kaka yangu, tumbo moja. Wifi yuko Masasi tangu juzi, nauli nimempa mimi. Msinihukumu, mlitaka nisubiri avunjwe na mkono wa pili?

FundiCherehani: Kumbe swali si kikundi! Nendeni dawati la jinsia na watoto pale polisi, achukue PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, kwa ajili ya huo mkono, na ustawi wa jamii wajue. Ukili unapoza moyo, haumzuii mtu mwenye hasira.

Kangomba_Mstaafu: Chai hii. ID ya juzi, mara wifi, mara kaka, tamthilia tupu. Msusi wa kweli aseme miyaa inatiwaje rangi.

MamaUkili: Unaichemsha na rangi sufuriani, unaanika, ukitaka kusuka unailowesha kidogo isikatike. Umeridhika?

BintiShangani: Iwe chai iwe maji, futa hiyo Masasi kabla kaka hajausoma uzi huu!

MamaUkili: Nimejaribu, haikubali kuhariri. Moderata nisaidieni. Ila polisi nitakwenda kaka akirudi tena mlangoni, si sasa. Mama yetu ana presha, sitaki asikie mwanawe amelala ndani.

FundiCherehani: Na wifi yako presha yake nani anaipima?