Uhandisi wa mahitaji ya programu: libaki somo la lazima au tunapotezeana muda?

Mtoa mada

Wakuu, salaam. Niko mwaka wa tatu, shahada ya uhandisi wa programu. Muhula huu tuna somo la lazima la kukusanya na kuandika mahitaji ya programu, yaani yale ambayo mtumiaji anataka programu imfanyie. Kodingi hakuna, hata mstari mmoja. Kazi ya kikundi ilikuwa kuandika waraka wa mahitaji ya mfumo wa maktaba, maktaba yenyewe ya kufikirika. Tukachukua desa la waliotutangulia, tukabadilisha jina la maktaba na tarehe, tukapata A.

Matangazo ya kazi yanataka Java, Python na Flutter. Sijaona linalosema "anatakiwa mtu wa kuandika mahitaji". Hoja yangu: liwe la hiari, muda wake tuongezewe kodingi. Mlioko kazini, waraka wa namna hiyo mmewahi kuutumia? Karibuni, matusi hapana.

Mtengeneza programu, miaka sita kazini

Naunga mkono. Waraka wa kurasa 80 sijaona anayeusoma. Mteja anasaini ukurasa wa mwisho ili kazi ianze, basi. Mwaka 2001 watu 17 walikutana Utah, Marekani, wakaandika ilani ya Agile, mtindo wa kutengeneza programu kidogo kidogo huku ukirekebisha: programu inayofanya kazi itangulie nyaraka nene. Sisi miaka mingi baadaye tukakaririshwa vichwa vya habari vya IEEE 830 ya 1998, kiwango cha kuandika waraka wa mahitaji ambacho nafasi yake ilishachukuliwa na ISO/IEC/IEEE 29148 tangu 2011. Kwenye mtihani unaulizwa sehemu ya tatu inaitwaje!

Halafu angalieni M-Pesa. Majaribio ya 2005 kule Kenya yalilenga watu warejeshe mikopo midogo kwa simu. Watumiaji wenyewe wakaanza kutumiana pesa. Machi 2007 ikazinduliwa kama huduma ya kutuma pesa nyumbani. Hitaji hilo lilikuwa kwenye waraka wa nani?

Mchambuzi wa mifumo, Dar

Kaka, mfano wako unakugeuka. Hitaji lile lilionekana kwa kuwa kulikuwa na watu wanaotazama watumiaji wanafanya nini na simu, kisha wakakubali kubadilisha walichokuja nacho. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Waraka ni mabaki yake tu.

Mimi nilianza kwa kodingi kama ninyi. Zahanati moja ilitaka mfumo wa kuwakumbusha wagonjwa dawa kwa ujumbe wa simu. Nikamhoji nesi, akanijibu, "Saa mbili na saa mbili." Nikaandika 2:00 na 14:00. Nimezaliwa Tandika, Kiswahili ndicho nilichonyonya, lakini daftari nilikuwa naliandika kwa Kiingereza, na mkono ukaandika kabla kichwa hakijafikiri. Wiki ya kwanza wagonjwa wakaamshwa saa nane za usiku kumeza vidonge. Bibi mmoja aliitikia na akameza kweli.

La pili liliniuma zaidi. Muuza vitenge wa Kariakoo aliniambia mizigo mingine anaitoa kwa mali kauli. Nikaandika "mauzo ya mkopo" nikasonga mbele. Mfumo ukamhesabia mapato siku mzigo unatoka, stoo ikapungua, deni likapewa tarehe. Sasa mali kauli si kuuza. Mzigo umetoka kwa neno tu: ukiuzwa unaletewa fedha, usipouzwa unarudi, na bei inaweza kuzungumzwa upya. Mwisho wa mwezi hesabu zilimwonyesha ana faida wakati mfukoni hana kitu. Tulibomoa karibu nusu ya mfumo. Na kodingi ilikuwa safi kabisa, kwa taarifa yenu.

Kwa hiyo somo libaki. Ila mfumo wa maktaba ya kufikirika ufe leo. Maktaba ya kufikirika haina mtu wa kukuambia umekosea.

Mchangiaji kutoka Nairobi

Hapa kwetu tulilipa ada ya somo hilo taifa zima. Uchaguzi wa 4 Machi 2013 ulikuwa na vifaa vya kielektroniki vya kutambua wapiga kura. Vituo vingi vilikuwa madarasa yasiyo na stima. Betri zikaisha, makarani wakarudi kwenye daftari la karatasi. Yalikuwepo matatizo mengine, lakini swali la "hii itachajiwa wapi?" halihitaji Java.

Mkufunzi msaidizi

Nasahihisha somo hili, niseme ukweli. Nina wanafunzi 180. Nikiwapeleka wote Kariakoo, wafanyabiashara watatufukuza kabla ya adhuhuri. Maktaba ya kufikirika ipo kwa sababu inasahihishika. Pia wanafunzi wanahoji kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza, na mwongozo wa mtihani hauna alama ya kilichopotea njiani. Desa tunalijua, mkuu. A yako tunaijua pia.

Mtengeneza programu

Nakubali kuhusu nesi. Sikubali kuhusu lazima. Haya unajifunza kazini, kama alivyojifunza dada hapo juu.

Mchambuzi wa mifumo, Dar

Nimejifunza kwa usingizi wa wagonjwa na fedha za muuza vitenge. Ningependelea kujifunza kwa sapu, nifeli chuoni nirudie mtihani.

Mtoa mada

Mkufunzi umeniaibisha, sawa. Bado nasema mtihani wa kukariri vichwa vya habari ufutwe, hapo sijarudi nyuma. Ila dada, kikundi chetu kina watu saba na bado tuna kazi ya pili ya kukusanya. Yule wa vitenge anaweza kutupokea?

Mchambuzi wa mifumo, Dar

Watatu, si saba, duka lenyewe ni dogo. Nendeni siku anayopokea mzigo, mkae mtazame kabla ya kuuliza chochote. Na msimpelekee dodoso, atajibu "ndiyo" kila mahali ili muondoke.